Mashine ya Kukata Nyasi: Ijue, Ilishe Vizuri, Uitibu Mapema



Mvua ndefu za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Disemba, huleta nyasi, na nyasi huleta kazi. Shule, zahanati na makanisa hutafuta watu wa kufyeka viwanja vyao. Kikundi chenye slasha peke yake hufanya kazi hiyo siku mbili au tatu, migongo ikiuma. Chenye mashine huenda kikamaliza asubuhi moja na kwenda kwingine mchana. Ndiyo sababu vikundi vingi vya vijana, na hata vya akina mama, vimechanga pesa vikanunua mashine ya kusukuma yenye injini ya petroli, mara nyingi ya mitumba.

Katika kuvitembelea vikundi nimeona jambo moja linalorudi. Mashine imekaa kwenye kona ya stoo, imefunikwa na gunia. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo iliharibika." Lakini ikipelekwa kwa fundi, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Petroli imekaa ndani miezi mitatu, chujio la hewa limejaa vumbi, plagi ni nyeusi kama sufuria. Kikundi kinalipa fundi, na kandarasi imeshaenda kwa watu wengine, kwa sababu ya jambo ambalo mwanachama yeyote angelitengeneza kwa spana moja na kitambaa.

Mashine hii haitaki mambo mengi. Inataka petroli safi, hewa safi, cheche na oili ya kutosha. Ikigoma, ulizeni hayo manne kwa utaratibu, moja baada ya lingine, kabla ya kufungua mfuko wa kikundi. Hebu tuyaangalie.

MASHINE YENYEWE

Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, mwaka 1830. Haikuwa na injini. Ilisukumwa kwa mikono. Budding alipata wazo lake kutoka kwa mashine ya kiwandani iliyopunguza manyoya juu ya kitambaa. Injini ya petroli ilikuja baadaye. Mashine tunazoona sana hapa kwetu zina kisu kimoja kirefu kinachozunguka chini ya bakuli la chuma au plastiki, kama feni iliyogeuzwa.

Juu ya bakuli kuna injini. Ndani yake kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Injini nyingi za aina hii hufanya kazi kwa hatua nne:

1. Pistoni inashuka, inavuta hewa iliyochanganywa na petroli kutoka kwa kabureta.
2. Inapanda, inabana mchanganyiko huo mpaka uwe mdogo sana.
3. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unalipuka na kuisukuma pistoni chini. Hapa ndipo nguvu inapopatikana.
4. Inapanda tena, inatoa moshi nje kupitia ekzosi.

Halafu inaanza upya. Nguvu ya pistoni inazungusha shafti, na shafti inazungusha kisu. Injini nyingi za mashine hizi huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Pigeni hesabu: kisu chenye urefu wa sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 280 kwa saa. Hakuna matatu inayokimbia hivyo. Jiwe dogo likipigwa na kisu hicho linaruka kwa nguvu ya kuvunja dirisha au kutoboa jicho. Kumbukeni hesabu hii kila mnapotaka kuingiza mkono chini.

Kwenye mpini kuna mkono wa chuma ambao lazima uubane wakati wote unapokata. Ukiuachilia, injini inazima na kisu kinasimama. Marekani sheria ya mwaka 1982 ililazimisha kwamba kisu kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachilia mpini. Lakini huku vijijini utakuta watu wameufunga mkono huo kwa waya au mpira wa baiskeli, ati vidole visichoke. Wenzangu, huko ni kuondoa breki ya gari ili mguu upumzike. Mtu akiteleza kwenye nyasi zenye umande, mashine inaendelea kuzunguka juu ya mguu wake. Kama mashine yenu imefungwa hivyo, fungueni waya huo leo.

PETROLI: CHAKULA CHA INJINI

Kwanza jueni kama injini yenu ni ya hatua nne au ya hatua mbili, kwa maana chakula chao si kimoja.

Ya hatua nne ina midomo miwili: mmoja wa petroli, na mwingine wa oili, ambao kwa kawaida una kijiti cha kupimia. Hii inalishwa petroli tupu. Usichanganye na oili.

Ya hatua mbili ina mdomo mmoja tu, wa petroli. Haina mahali pa oili, kwa hiyo oili yake maalum huchanganywa ndani ya petroli. Kipimo huandikwa kwenye kifuniko cha tangi au kwenye kitabu chake. Kikiwa ni 50 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili. Lita tano zinataka mililita 100. Kikiwa ni 25 kwa 1, lita moja inataka mililita 40, na lita tano mililita 200. Ukilisha injini hii petroli tupu, itajisaga na kukwama, na hapo hakuna dawa ya bei rahisi.

Dizeli na mafuta ya taa si chakula cha injini hizi. Na kuna watu wanaouza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ubaya huu umekuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Petroli ya namna hiyo huifanya injini iwe ngumu kuwaka, itoe moshi na kukosa nguvu. Nunueni kwenye kituo cha mafuta, si kwenye chupa za kando ya barabara, hata kama chupa iko karibu.

Maji nayo ni adui. Petroli haichanganyiki na maji. Maji ni mazito zaidi, hukaa chini. Mkishuku, mimineni kidogo ndani ya chupa safi ya kioo na mwiache itulie. Mkiona mstari, na chini yake maji, msiitie kwenye mashine. Mkimaliza, imwageni chupa hiyo na kuitupa. Petroli isikae kamwe ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti. Akiimeza, msimlazimishe kutapika, kwa sababu ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali.

Petroli pia huzeeka. Ikikaa zaidi ya siku 30 hivi huanza kuharibika, na ikikauka ndani ya kabureta huacha utomvu kama gundi unaoziba vitundu vyake vidogo. Kwa hiyo nunueni ya kazi ya wiki mbili au tatu tu. Mashine nyingi za ukubwa huu hutumia kati ya nusu lita na lita moja na kidogo kwa saa. Pimeni yenu wenyewe: wekeni lita moja, mkate, mwangalie saa. Mkijua kipimo chenu mtajua pia kutoza bei ambayo haitawatia hasara.

Wakati wa kujaza, fuateni haya:

- Zimeni injini, mwiache ipoe kwa dakika 10 au 15. Ekzosi yenye moto inaweza kuwasha petroli.
- Jazeni nje, mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na taa ya koroboi.
- Tumieni faneli yenye chujio, au kitambaa safi kisichotoa nyuzi.
- Msijaze mpaka juu. Acheni nafasi ya vidole viwili, kwa maana petroli hupanuka kwa joto.
- Ikimwagika, pangusa, kisha sogezeni mashine mita chache kutoka hapo kabla ya kuwasha.
- Mkienda kununua, wekeni jerikeni chini ardhini inapojazwa, isijazwe ikiwa juu ya pikipiki au ndani ya gari.

Kinachowaka kwanza ni mvuke wa petroli, ambao hatuuoni, na ambao hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Tulijifunza kwa uchungu pale Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipoanguka, watu wakaenda kuchota, moto ukazuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Jerikeni ya lita tano ni kidogo kuliko lori, lakini petroli ni ile ile.

OILI: DAMU YA INJINI

Injini ya hatua nne bila oili hufa, na hufa haraka. Ukosefu wa petroli huisimamisha tu. Ukosefu wa oili huimaliza kabisa.

Pimeni oili kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama mahali tambarare. Toa kijiti, kipanguse, kirudishe, kitoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, ongezeni kidogo kidogo. Ikizidi pia ni makosa: itaungua, itoe moshi mwingi na kuchafua plagi.

Kwa hali ya hewa yetu, oili nambari SAE 30 inafaa injini nyingi za aina hii. Injini nyingi huchukua karibu nusu lita na kidogo, lakini kijiti ndicho hakimu, si macho. Ibadilisheni baada ya kila masaa 25 hadi 50 ya kazi. Mashine mpya kabisa hubadilishwa oili ya kwanza baada ya masaa 5 hivi. Mkikata masaa 6 kwa wiki, wiki nne zikipita mmekaribia masaa 25. Oili kuukuu msiimwage mtoni wala shambani. Ikusanyeni kwenye chombo, mwipeleke gareji inayokusanya.

HEWA: PUMZI YA INJINI

Karibu na kabureta kuna kisanduku kidogo chenye chujio la hewa. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye silinda. Wakati wa kiangazi vumbi letu huliziba haraka sana. Litazameni kila wiki.

Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, likakamuliwa na kukaushwa kabisa. Kisha hutiwa matone machache ya oili na kukamuliwa tena ili lishike vumbi. Chujio la karatasi halioshwi. Ligonge polepole kwenye kiganja vumbi litoke. Likiwa jeusi au limeraruka, nunueni jingine. Msioshe chujio kwa petroli, na msikate nyasi bila chujio hata siku moja. Vumbi linaloingia kwenye silinda ni kama kuisugua pistoni kwa msasa.

Wenzetu wa nyanda za juu wajue jambo moja zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Nyahururu, iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, mashine itakuwa dhaifu kuliko ile ile ikiwa Mombasa, hata kama ni mpya. Hiyo si ugonjwa. Inueni magurudumu mkate juu kidogo, mwende polepole.

KUWASHA NA KUKATA

Kabla ya kuwasha, tembeeni uwanja wote. Okoteni mawe, waya, mifupa na chupa. Wekeni alama kwenye visiki na mifereji. Watoto na watazamaji wakae mbali, mita 15 au zaidi. Anayekata avae gambuti au viatu vigumu, suruali ndefu, na kitu cha kukinga macho. Sandali za mpira hazifai.

Funguliweni bomba la petroli kama lipo. Mashine ikiwa baridi, wekeni choki, au bonyezeni ile puto ndogo ya mpira mara tatu. Bana mkono wa usalama, shika mpini, vuta kamba polepole mpaka uhisi uzito, kisha vuta kwa nguvu mara moja. Ikiwaka, ondoa choki polepole. Kwenye mkono wa mafuta utaona picha ya sungura na ya kobe. Sungura ni mbio, kobe ni polepole. Wakati wa kukata, weka sungura, lakini wewe unayesukuma uwe kobe.

Nyasi zikiwa ndefu, msikate zote kwa mara moja. Kateni theluthi ya urefu, kisha mrudie. Nyasi za kikuyu ni nene na husuka kama mkeka. Ukizikata chini sana mara moja, injini inazimika na uwanja unabaki na mabaka. Kwenye mteremko, kata kwa kupitia upande, si kupanda na kushuka. Usivute mashine kuja kwako. Miguu iko huko.

Na msiiwashe ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa.

MASHINE IKIGOMA

Sheria ya kwanza: kabla ya kugusa kisu au kugeuza mashine, zima, subiri isimame, kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali. Kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuwasha injini. Na mkiiinamisha mashine, upande wa kabureta na chujio uwe juu, la sivyo oili itamwagika kwenye chujio.

Haiwaki kabisa. Anzeni na rahisi. Kuna petroli? Ni ya lini? Bomba limefunguliwa? Mkono wa usalama umebanwa? Waya wa plagi umekaa imara? Kama yote ni sawa, vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame.

- Plagi ikiwa imelowa petroli, injini imezama. Ikausheni, ondoeni choki, vuteni kamba mara chache waya ukiwa umechomolewa, ngojeni dakika 10, halafu mjaribu tena.
- Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Tazameni paipu na bakuli la kabureta kama kuna maji, uchafu au ule utomvu.
- Ikiwa nyeusi na masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Isafisheni kwa brashi ya waya, kisha mtazame chujio na choki.
- Ikiwa nyeusi na inateleza kwa oili, oili imezidi au injini imeanza kuchoka.

Nafasi ya plagi, pale cheche inaporuka, kwa injini nyingi hizi ni karibu milimita 0.75. Kama hamna kipimo, kadi ya benki ina unene karibu huo huo. Iingie kwa kugusa kidogo, bila kulazimishwa.

Kupima cheche, acheni plagi ya zamani ikiwa imekazwa mahali pake, ili mvuke wa petroli usitoke. Chomekeni plagi ya akiba kwenye waya, chuma chake kiguse chuma cha injini, mwishike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Petroli iwe mbali. Mmoja abane mkono wa usalama na kuvuta kamba, na miguu ya wote iwe mbali na kisu. Mkiwa kivulini mtaona cheche ya samawati. Ikionekana, shida iko kwa petroli, hewa, au plagi ya zamani. Isipoonekana, mwoneni fundi wa umeme wa injini.

Inawaka halafu inazima. Legezeni kifuniko cha tangi kidogo. Ikiendelea kufanya kazi, tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko limeziba, lisafisheni. Isipoendelea, shukuni maji ndani ya petroli au kabureta chafu.

Moshi. Mweusi ni petroli nyingi au hewa kidogo: tazameni choki na chujio. Wa samawati au mweupe mzito ni oili inaungua: pengine mmeizidisha, au mashine iliinamishwa upande mbaya. Ikiwa ni kwa kuinamishwa, utaisha baada ya dakika chache. Ukiendelea siku baada ya siku, pistoni au pete zake zimechoka.

Haina nguvu. Zimeni, chomoeni waya, tazameni chini ya bakuli. Nyasi zilizolowa hugandamana pale mpaka kisu kinakosa nafasi. Kwangueni kwa kijiti. Kisha tazameni makali. Kisu butu huchana nyasi badala ya kuzikata, na ncha zake hugeuka kahawia. Noeni kwa tupa mkifuata mwinamo wake wa zamani, ncha zote mbili sawa. Kisha ning'inizeni kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande ukishuka ni mzito, nao ndio wa kuongeza tupa mpaka kikae sawasawa. Mkikirudisha, mabawa yake yaliyopinda yaangalie juu, na nati ikazwe kabisa.

Inatetemeka sana. Zimeni hapo hapo. Kisu kimepinda, kimelegea, au kimepoteza usawa. Msikinyoshe kwa nyundo. Kisu kilichopinda ni cha kutupwa.

Iligonga kisiki, sasa haiwaki au inarusha kamba mkononi. Hapa vikundi vingi huambiwa injini imekufa. Subirini kwanza. Chini ya lile gurudumu zito lililo juu ya injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, kuna kipande kidogo cha chuma laini kinacholishikilia kwenye shafti. Kikikatika au kupinda, cheche hutoka wakati usio wake na injini inakataa. Ni kipande kidogo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini. Mwambieni fundi atazame hicho kwanza. Lakini pia atazame kama shafti yenyewe imepinda. Ikiwa imepinda, hapo kweli ni kazi kubwa, na kikundi kikae chini kifikirie kama inafaa kutengenezwa.

Kamba haivutiki. Tazameni kama nyasi au waya umejifunga kwenye kisu. Kama kisu kiko huru na kamba bado ni ngumu, pimeni oili. Kijiti kikiwa kikavu, huenda injini imekwama kwa kukosa oili. Msilazimishe, ipelekeni kwa fundi.

MASHINE IKIPUMZIKA

Mashine nyingi hufa wakati hazifanyi kazi. Mvua zikiisha, kikundi huiweka stoo na petroli ndani, na siku ya kwanza ya mvua, wakati kazi zimejaa, ndipo inapogoma. Kwa hiyo kama mnajua haitatumika mwezi mzima, iacheni iwake nje mpaka petroli iishe yote na kuzima yenyewe. Badilisheni oili, oshieni chini, mkaushe, mpake kisu oili kidogo kisishike kutu. Iwekeni mahali pakavu, juu ya mbao. Wiki mbili kabla ya mvua itoeni, mtie petroli mpya, mwijaribu. Wiki mbili hizo zinatosha kupata fundi na kipuri, kabla mwalimu mkuu hajawaita.

DAFTARI LA MASHINE

Mali ya wote mara nyingi huwa haina mwenyewe. Huyu anadhani yule amepima oili, yule anadhani huyu. Chagueni watu wawili wa kuwajibika, na muwe na daftari moja linalokaa pamoja na mashine. Kila siku ya kazi liandikwe: tarehe, mahali, masaa iliyofanya kazi, petroli iliyotiwa, nani alipima oili, na tatizo lolote lililoonekana. Wekeni pia akiba ya plagi moja, chujio moja, kisu kimoja na oili ya kubadilisha mara moja. Katika kila malipo, toeni sehemu ya matengenezo kabla ya kugawana, na iandikwe kwenye daftari la mweka hazina. Mkigawana yote, siku plagi itakapokufa mtaanza kuchangishana upya, na wengine watajificha.

Daftari lina faida nyingine. Fundi akiona mnajua masaa ya mashine na lini mlibadilisha oili, atawaheshimu, na itakuwa vigumu kuwaambia "injini nzima imekwisha" kumbe ni plagi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mashine yetu ni ya hatua nne au ya hatua mbili? Kila mwanachama anajua?
2. Petroli iliyo ndani ya tangi sasa ilinunuliwa lini? Inawekwa wapi, na watoto wanaweza kuifikia?
3. Mkono wa usalama unafanya kazi, au umefungwa na waya?
4. Ni nani kati yetu anayeweza kufungua plagi, kuisafisha na kuirudisha? Mkutano ujao afundishe wengine wawili, na angalau mmoja awe mama au msichana.
5. Kwa kila kandarasi, tunaweka kiasi gani cha matengenezo?

Mkimaliza kujadiliana, msiishie kwa maneno. Tokeni nje na mashine yenyewe, mpime oili pamoja, mfungue chujio, mlitazame. Nusu saa inatosha.